Rehani ya Bi Tatu na Miezi ya Jembe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ardhi ya Boma la Tabora sikupewa kalamu. Nilikuwa nimeshuka na treni kutoka Kigwa, nimevaa viatu vya marehemu baba vilivyonipwaya, na kichwani nimejaa sifa za walimu wa misheni waliousifu mwandiko wangu. Nilitegemea kuonyeshwa meza na kidau cha wino. Karani Mkuu, mtu wa Pangani aliyeanza kazi hiyo tangu enzi ya Mjerumani, alinitazama viatu kwanza, kisha uso, halafu akanisukumia daftari kubwa lenye jalada la ngozi.

"Soma," akasema.

"Nisome nini, mzee?"

"Majina. Ukimaliza, anza tena. Kalamu utaipata siku utakayoelewa kuwa kila jina humo lina mlango na lina jiko."

Nilisoma majina siku sita. Nilikasirika kimoyomoyo, maana nilijiona msomi na yule mzee nilimwona mchoyo wa wino. Leo nimestaafu miaka mingi na nyinyi vijana mnaniuliza kazi ile ilikuwaje, basi naanza na siku hizo sita, kwa sababu laiti ningeyasoma majina yale vizuri, yaliyompata Bi Tatu yasingempata.

Daftari lenyewe liliitwa daftari la rehani. Ukurasa wa kushoto uliandikwa namba ya kiwanja na jina la mwenye nyumba. Wa kulia uliandikwa jina la mkopeshaji, kiasi cha fedha na masharti, na pembeni kabisa palikuwa na safu nyembamba iliyoachwa tupu. Rehani maana yake ni hii: mtu anakopa fedha na kuiweka hati ya nyumba yake kwa mkopeshaji kuwa dhamana, huku mwenyewe akiendelea kuishi ndani. Akimaliza deni anarudishiwa hati, na karani huandika katika ile safu nyembamba, kwa wino mwekundu, neno moja: Imefutwa. Akishindwa, nyumba hupelekwa mnadani, na dalali husimama mbele ya mlango wake na kengele mkononi, majirani wote wakitazama. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mkopo wa namna hiyo bila kibali cha Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, kwa hiyo kila karatasi ilipita mezani kwetu kabla ya kwenda kwake.

Juu ya Karani Mkuu alikuwepo Bwana Msajili, Mwingereza mrefu aliyekula chungwa moja kila saa nne na kupanga maganda yake mstari mmoja ukingoni mwa dirisha. Hakuwa mtu mbaya. Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, kimenyooka kama rula, na alipenda kutuambia, "Karatasi haimpendi mtu na haimchukii mtu. Ndiyo faida yake." Maneno hayo niliyapenda sana wakati huo. Niliyaandika nyuma ya daftari langu la mazoezi.

Mwaka wangu wa pili ndipo Karani Mkuu aliponifundisha kuhamisha rehani. Zilikuwa siku za baada ya vita, fedha zimeanza kutembea mjini, na wakopeshaji wapya walikuwa wakija na masharti yaliyoonekana mepesi. Mtu mwenye rehani kwa mkopeshaji mmoja alitaka kumlipa kwa fedha za mkopeshaji mwingine, ili alipe kidogo zaidi kila mwezi. Watu walidhani ni kubadili jina tu katika daftari. Lakini kubadili kwenyewe kulikuwa na gharama: ada ya kuifuta rehani ya zamani, ada ya kusajili mpya, stempu za serikali, ujira wa mtu wa kupima thamani ya nyumba, na wakili wa kuandika mkataba. Mwenye nyumba alilipa hizo zote kabla hajaonja nafuu hata ya senti moja.

"Utamuuliza mambo matatu," Karani Mkuu aliniambia. "Gharama zote za kuhama ni kiasi gani? Kila mwezi atapunguza kiasi gani? Na deni limebakiza miezi mingapi? Hilo la kwanza uligawe kwa la pili. Utapata miezi ya kurudisha gharama. Ikiwa miezi hiyo inakaribia miezi ya deni iliyobaki, mwambie akae alipo, asijisumbue. Ikiwa michache, aweza kuhama."

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa. Kuna la nne. La nne haliulizwi hapa ofisini. Unakwenda barazani kwa yule mkopeshaji wa zamani, unakaa, unakunywa kahawa yake, unamwambia fulani anafikiria kuhama. Halafu unanyamaza na kumsikiliza."

Nilimwona mzee anatafuta kisingizio cha kunywa kahawa ya watu saa za kazi. Kila mtu ofisini alijua anavyoipenda kahawa. Nikaandika mambo matatu katika daftari langu, la nne sikuliandika.

Wakati huo nilipanga chumba kwa Bi Tatu. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya soko, kando ya barabara ambayo wazee waliendelea kuiita njia ya Ujiji, ingawa misafara ilikuwa imekwisha zamani na mizigo yote ilipita na reli. Ilikuwa nyumba nene ya udongo yenye nguzo za mninga, na juu yake bati jipya lililometameta kuliko la majirani. Bati hilo ndilo lililoleta rehani. Marehemu mumewe, seremala, alikopa fedha za kuezeka na kuijenga upya sehemu ya nyuma, akafariki deni likiwa bado changa. Mkopeshaji alikuwa Mzee Salumu, mfanyabiashara wa asali na nta, ambaye baraza lake lilikuwa hatua mia mbili tu kutoka Boma. Nazijua hatua hizo kwa sababu baadaye nilizihesabu.

Bi Tatu alinipokea kama mtoto wake. Mimi Mkristo wa Moravian kutoka kijijini, yeye Mwislamu wa mjini, lakini Jumapili ndiye aliyeniamsha niende kanisani nisichelewe. Nikirudi kazini na kusema, "Shikamoo mama," alijibu, "Marahaba, karani wangu," na sahani ilikuwa tayari. Alilea wajukuu wawili. Kodi ya vyumba viwili, changu na cha fundi cherehani mmoja, ndiyo iliyowalisha. Biashara yake kubwa ilikuwa karanga. Alizinunua vijijini baada ya mavuno, akazikaanga na kuzifunga, na kuziuza stesheni kwa abiria wa treni za Kigoma na za Mwanza.

Basi akaja mjini wakala wa kampuni ya mikopo kutoka Dar es Salaam, akakodi chumba karibu na stesheni. Siku moja nikachukua penseli na karatasi, nikakaa na Bi Tatu uani akiwa anapepeta karanga.

"Mama, Mzee Salumu unamlipa shilingi ngapi kwa mwezi?"

"Ishirini na tano. Si imo kwenye daftari lenu?"

"Imo. Na imebaki miezi arobaini na minane. Hawa wapya watakutoza ishirini, kwa miezi hiyo hiyo."

Nikamfanyia hesabu. Kufuta ya zamani, shilingi kumi. Kusajili mpya, ishirini na mbili. Stempu, ishirini na nane. Mpimaji, ishirini. Wakili, arobaini. Jumla shilingi mia na ishirini. Nafuu ya kila mwezi shilingi tano. Mia na ishirini ukigawa kwa tano ni miezi ishirini na minne, yaani nusu ya muda uliobaki. Miaka miwili ya kwanza anarudisha gharama, miaka miwili ya mwisho anavuna. Mwisho wa yote angebaki na shilingi mia na ishirini safi, na hiyo ilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Nilipomaliza nilijisikia mtu mzima.

Bi Tatu aliacha ungo. "Na Mzee Salumu hatachukia?"

"Atachukia nini, mama? Analipwa fedha yake yote kwa siku moja. Mkopeshaji gani hapendi hivyo?"

"Haya. Wewe ndiye msomi wa nyumba hii."

Ilikuwa sauti ya mtu anayemwamini mwanawe, na mimi niliisikia kama sifa tu.

Utaratibu ulitaka mkopeshaji wa zamani ajulishwe. Nilikuwa nikipita mbele ya baraza la Mzee Salumu asubuhi na jioni. Nilimwamkia kila siku, naye alinitania, "Karani wa Kigwa, leo umekula wino au ugali?" Ningeweza kusimama nikamwambia. Badala yake niliandika barua kwa mwandiko wangu mzuri, nikaigonga mhuri wa Serikali, nikampa tarishi aipeleke. Nilitaka mambo yaende kiofisi, na kusema kweli nilitaka pia Bwana Msajili aone nilivyoiandika.

Mzee Salumu alisoma herufi za Kiarabu vizuri, hizi zetu hakuzijua. Barua ya Serikali ilifika barazani mbele ya wateja wake, ikabidi muuza duka jirani aitwe amsomee kwa sauti. Kesho yake alikuja ofisini akiwa amevaa joho juu ya kanzu, kama mtu aliyeitwa barazani kwa kadhi. Aliiweka hati ya Bi Tatu mezani. Nilipompa fedha zilizoletwa na kampuni, shilingi mia nane, hakuzihesabu. Alizifunga katika kitambaa, akatia dole gumba mahali nilipomwonyesha, akaondoka. Hakunitania. Niliona ameheshimu ofisi.

Jioni ile Karani Mkuu aliniuliza, "Ulikwenda kunywa kahawa?"

"Nilimwandikia barua, mzee."

Alielekeza kidole upande wa baraza la Mzee Salumu. "Kutoka hapa mpaka pale?" Kisha akarudi kwenye kazi zake.

Bi Tatu alilipa Septemba, Oktoba na Novemba. Alikwenda mwenyewe kwa wakala, akarudi na stakabadhi, nami nikazipanga vizuri katika bahasha. Halafu mvua zikaanza. Desemba nilikuwa na kazi nyingi, sikuuliza. Januari sikuuliza. Siku moja ya Februari tarishi akaweka mezani kwangu karatasi za kuingiza daftarini, na ya tatu katika zile ilikuwa ilani ya kampuni. Mkopaji ameshindwa miezi miwili mfululizo. Kwa mujibu wa masharti deni lote lilikuwa limeiva, yaani linadaiwa kwa mara moja, na asipotimiza katika siku kumi na nne, nyumba itapigwa mnada. Kiwanja nilikijua. Nilikuwa nimelala humo usiku uliopita, nikisikiliza mvua juu ya bati.

Niliomba ruhusa nikaenda nyumbani mbio. Bi Tatu alikuwa anapika, hana wasiwasi wowote.

"Mama, mbona hukulipa Desemba? Mbona hukulipa Januari?"

Alinishangaa. "Hii si miezi ya jembe?"

"Miezi ya jembe ni kitu gani?"

"Wewe ni mtoto wa Kinyamwezi gani?" akasema, na bado alikuwa akitabasamu, kwa kuwa alidhani namtania. Kisha akanieleza kama unavyomweleza mtu jina la siku. Zamani za misafara, babu yake alikuwa mpagazi, na babu yake Mzee Salumu ndiye tajiri aliyemkopesha nguo na chumvi. Mvua zikianza wapagazi walirudi makwao kulima, na tajiri hakumdai mtu mpaka mavuno yaingie. Watu wale walikwisha kufa, reli ikaja, lakini kwa nyumba zile mbili desturi ilibaki. Kuanzia Desemba mpaka Machi Mzee Salumu hakupokea chochote, na wala hakuulizia. Karanga zikitoka Bi Tatu alilipa zaidi kila mwezi mpaka hesabu ya mwaka ikatimia. Mkataba wao ulisema shilingi ishirini na tano kila mwezi, na katika miaka yote ile hakuna mmoja wao aliyeufuata hivyo.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza. Na mimi nilijua unajua. Nani asiyejua?"

Miezi hiyo minne hakuwa na fedha kabisa. Zile alizokuwa nazo zilikuwa vijijini, amewatangulizia wakulima kwa ajili ya mbegu, na mia na ishirini za gharama za kuhama zilitoka katika mtaji huo huo. Nilipomsomea ilani aliketi chini, mwiko bado mkononi. Wajukuu walikuwa wakicheza mlangoni. Sijapata kuona aibu kama ile maishani mwangu, na nimeishi miaka mingi.

Nilirudi ofisini moja kwa moja mpaka kwa Bwana Msajili, nikamwomba aizuie ilani mpaka mavuno.

"Karani, masharti ya mkataba huu yaliandikwa Kiingereza," alisema. "Nani aliyafasiri kwa Kiswahili?"

"Mimi, Bwana."

"Na hili la miezi miwili, ulilifasiri?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi ulilisoma."

Karatasi haikunipenda wala haikunichukia, kama alivyozoea kusema.

Karani Mkuu alinisubiri nje ya mlango. Nilitegemea anikemee. Alisema tu, "Nenda kwa wakala kabla hajafunga. Ukilipa miezi iliyopita na faini, ilani anaweza kuiondoa. Una fedha?"

Nilikuwa nazo, lakini hazikuwa za kutumia. Zilikuwa akiba ya mahari. Nilikuwa nimechumbia huko Usoke, binti aitwaye Marta, na baba yake alikuwa ametaja tarehe. Nilitoa shilingi hamsini, arobaini za miezi miwili na kumi za faini, nikampelekea wakala. Aliandika stakabadhi bila kuinua uso. Nilipotoka nje niliwaza kwenda kwa Mzee Salumu na kumwomba aichukue tena rehani, lakini Bi Tatu alinikataza.

"Nimekwisha kumlipa," alisema. "Nilimlipa mbele ya mhuri. Siwezi kurudi mlangoni kwake kumwambia mvua imenikuta."

Kwa hiyo nililipa Februari, nikalipa na Machi. Mavuno yalipoingia Bi Tatu alinirudishia fedha zote, amezifunga katika pindo la kanga, isipokuwa zile kumi za faini ambazo nilizikataa kwa kuwa zilikuwa zangu mwenyewe. Mwaka uliofuata ikawa vile vile. Angeweza kuweka akiba kiangazi, lakini shilingi themanini zikikaa sandukuni ni magunia ya karanga ambayo hayakununuliwa, na bila magunia hakuna kitu cha kuuza stesheni. Alihitaji mtu wa kumsubiri miezi minne kila mwaka. Mtu huyo alikuwepo barazani kwake miaka yote, nami nilikuwa nimemfuta kwa wino mwekundu. Nikawa namsubiri mimi.

Harusi yangu ilichelewa misimu miwili ya mvua. Baba mkwe alisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Marta alisubiri, na mpaka leo nikimkasirisha huwaambia wajukuu wetu kwamba babu yao alimweka rehani kwa ajili ya karanga.

Mwaka wa tatu nilipandishwa cheo nikahamishiwa Kigoma. Bwana Shauri wa huko alikuwa mtu wa haraka, alitaka kila faili liishe siku lilipofunguliwa, na alinung'unika kwamba mimi ni karani pekee anayetoka ofisini kwenda kukaa kwenye mabaraza ya watu. "Unakwenda kufanya nini huko?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba nakwenda kumalizia hesabu. Wavuvi wa ziwani nao wana majira yao. Miezi mingine dagaa ni wengi na miezi mingine hakuna, na wenye duka waliowakopesha waliyajua majira hayo bila kuyaandika popote. Kila aliyetaka kuhamisha rehani nilimuuliza mambo matatu, kisha nikamuuliza, "Kuna miezi ambayo humlipi?" Wengi walicheka kwanza. Halafu walinitajia. Wako waliohama kwa ushauri wangu na wakapata nafuu ya kweli, wala sitaki mfikiri kuhama ni kubaya. Wengine walitulia walipokuwa, na wengine walirudi kwa mkopeshaji wao wa zamani na karatasi yangu mkononi, wakaelewana naye upya.

Kila Desemba nilikwenda posta ya Kigoma nikatuma hawala ya shilingi themanini Tabora. Kila kiangazi hawala ilirudi na barua iliyoandikwa na yule fundi cherehani: mama anakusalimu, karanga mwaka huu ni nzuri, bati halivuji.

Deni lilipokwisha niliomba likizo nikaja Tabora. Karani Mkuu alikuwa amestaafu na kurudi Pangani. Karani mpya aliniruhusu, na nikaandika mwenyewe katika ile safu nyembamba, kwa wino mwekundu, Imefutwa. Nilimpelekea Bi Tatu hati yake. Aliitazama pande zote mbili ingawa hakujua kusoma, akaiweka sandukuni, akajifunga kanga nyingine, akachukua kikapu cha karanga.

"Twende," akasema.

"Wapi, mama?"

"Unajua wapi."

Nilihesabu hatua tulipopita mbele ya Boma. Mia mbili, pengine na tatu. Mzee Salumu alikuwa amekaa pale pale, macho yameingia ukungu, birika la kahawa kando yake. Nilimwamkia akanitambua kwa sauti.

"Karani wa Kigwa. Umekula wino au ugali?"

Ilikuwa miaka minne tangu nisikie mzaha huo. Nikamwambia yote: hesabu, ilani, mahari, hawala. Bi Tatu alikuwa akimenya karanga na kumwekea mzee mkononi. Nilipomaliza Mzee Salumu aliuliza, "Katika hesabu yako alipata faida kiasi gani?"

"Shilingi mia na ishirini, mzee. Baada ya kutoa gharama."

"Na mimi uliniandika wapi katika hesabu hiyo?"

Nikamwambia kweli. "Nilikuandika kama mtu wa kulipwa."

"Basi nililipwa," akasema.

Akapapasa akapata kikombe, akanimiminia kahawa bila kumwaga tone. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nta, "Ungekuja siku ile ukakaa hapo ulipokaa, ukaniambia kuna watu wanamtoza ishirini, ningempunguzia hizo tano. Kahawa isingepoa."

Nilipiga hesabu hapo hapo, maana ndiyo kazi niliyofundishwa. Shilingi tano kwa miezi arobaini na minane ni mia mbili na arobaini. Bila stempu, bila wakili, bila mpimaji, na misimu minne ya mvua asiyodaiwa ndani yake. Nilikunywa ile kahawa mpaka machicha.

Mzee Salumu alifariki kabla ya Uhuru. Bi Tatu aliishi mpaka wajukuu wake wakawa watu wazima, na mmoja wao bado anakaa katika nyumba ile, chini ya bati ambalo sasa limeshika kutu. Mimi nilimaliza kazi nikiwa Karani Mkuu katika ofisi ile ile nilikoanza. Kijana mpya akiripoti nilimsomesha daftari siku sita kabla ya kumpa kalamu, naye alinichukia kama ipasavyo.

Ile karatasi ya penseli niliyoandika uani kwa Bi Tatu ninayo hadi leo. Makarani wa siku hizi hunitembelea, wengine na mashine zao za kuhesabia, wakitaka kujua mtu ahamishe rehani lini na asihamishe lini. Huwapa karatasi hiyo na kuwaambia kuna mjane aliyekaribia kupoteza nyumba kwa sababu ya hesabu hii, watafute kosa. Huijumlisha, huigawanya, huirudia kwa mashine. Mwisho hunirudishia na kusema, mzee, hapa hakuna kosa. Nami huwaambia hata mimi sikuliona, na nilikuwa nalala katika nyumba hiyo hiyo.